Jina la bibi harusi lisomeke

Jumamosi iliyopita asubuhi, ile baridi yetu ya mwezi wa saba, nimefungua steshenari pale Mwanjelwa, Mbeya, hata koti sijavua, akaingia mama mmoja mtu mzima amejitanda kitenge mabegani, mkononi kashika kadi ya mchango. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, za kuamka, nzuri, akaiweka kadi mezani, akaweka na kidole juu yake, akaniambia, "Hebu nisomee hapa mwanangu, hapa pameandikwa nani?"

Nikachukua kadi nikaangalia. Lilikuwa jina la bibi harusi, yani lile neno ambalo kadi nzima imechapwa kwa ajili yake, na lilikuwa limeandikwa kwa fonti ya mwandiko, yani zile herufi za kompyuta zinazoiga maandishi ya mkono, hii inaitwa Edwardian Script, herufi kubwa tupu toka mwanzo mpaka mwisho. Mimi ninayeshinda na hizi fonti kutwa nzima ilibidi nisogee mlangoni penye mwanga, nikafuata herufi moja moja, jina la kwanza nikalipata, la ukoo nikalipata kwa kubahatisha. Mama akasema, "Mchango nimeshatuma, ila sijui nimemchangia mtoto wa nani, na kuuliza naona aibu." Nikageuza kadi nikamwandikia jina nyuma kwa kalamu ya kawaida. Akalisoma kwa sauti, akapiga makofi, "Kumbe ni yule wa Isanga! Mama yake nimesali naye miaka yote!" Ndaga fijo, ndaga fijo, yani asante sana kwa Kinyakyusa, akaondoka zake.

Kadi ile haikutoka kwangu, ila hilo halinipi amani, kwa sababu miaka yangu miwili ya kwanza kwenye hii kazi nilitengeneza kadi nyingi za namna ile ile, watu wakalipia, wakagawa, na toka Jumamosi nawaza ni wamama wangapi walishika kadi yangu wakaona aibu kuuliza. Ndo maana naandika hii, na ntaandika kwa kirefu maana hizi fonti nazipenda kuliko fonti nyingine yoyote, na naumia kweli nikiona zimetumika vibaya.

Mapenzi yenyewe hayakuanzia kwenye kompyuta. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwandishi wa kanisa huko Tukuyu, yeye ndo alikua anajaza vyeti vya ubatizo na vya ndoa, na aliandika kwa kalamu ya kuchovya, ile ya mti yenye ncha ya chuma, unachovya kwenye kichupa cha wino unaandika maneno mawili matatu unachovya tena. Mimi nilikua naruhusiwa kukaa pembeni ila kugusa meza hapana. Kitu ambacho hakijawahi kunitoka ni ile sauti, ncha ikipanda juu inakwaruza karatasi kidogo sana, ikishuka inanyamaza, na pale inaposhuka ndo wino unapotanuka mstari unanenepa, alafu ikipanda tena mstari unakua mwembamba kama unywele. Akifika kwenye M ya jina letu la ukoo (huku Rungwe majina mengi ya ukoo yanaanza na Mwa-, kwa hiyo hiyo M aliiandika kila siku ya Mungu) alikua anatulia kwanza. Anaanza na kikonyo kidogo cha kupinda upande wa kushoto, anapanda, anashuka, anapanda, anashuka, na mguu wa mwisho hauishii kwenye mstari, unapita chini unarudi kushoto unakua mkia unaobeba jina zima. Cheti cha ubatizo cha mama yangu kina huo mkia. Wino umeshageuka kahawia lakini mkia upo.

Sasa kwenye hiyo kalamu ndo ilipo siri yote ya hizi fonti. Nyuma ya fonti za mwandiko kuna kalamu za aina mbili. Moja ni hiyo ya babu, ncha imechongoka na inanesa, unene unatokana na kukandamiza, yani ukishuka unakandamiza ncha inafunguka wino unamwagika mpana, ukipanda unaachia. Nyingine ni kalamu ya ncha pana iliyokatwa kama patasi, hiyo hukandamizi kitu, unaishika kwa pembe moja, tuseme nyuzi 45 hivi, na unene unakuja wenyewe kulingana na mkono unaelekea wapi. Edwardian Script, Great Vibes, Snell Roundhand, Kunstler Script, Palace Script, zote hizo ni ukoo wa ncha iliyochongoka. Monotype Corsiva, ambayo vyeti vya semina na vya mahafali hapa Mbeya vimeipitia sana, yenyewe ni ukoo wa ncha pana. Ndo maana Corsiva inavumilia hata ukiiweka ndogo, mistari yake myembamba ina nyama kidogo na herufi zake haziungani, wakati Edwardian ukiipunguza inaanza kukatikakatika mpaka unabaki na vipande vya herufi.

Na ni mambo ya kale haya. Mwaka 1522 huko Roma, Ludovico degli Arrighi alitoa kijitabu cha kufundisha watu mwandiko wa makarani wa ofisi za Papa, ncha pana ile, na Patricia Saunders alipoichora Corsiva miaka ya 1990 kwa ajili ya Monotype alikua anafuata miandiko ya Kiitaliano ya enzi za kina Arrighi. Mwandiko wa ncha iliyochongoka ulishamiri Uingereza karne ya 17 na ya 18, biashara zimekua, makarani wanatakiwa waandike haraka na kwa uzuri, na kati ya 1733 na 1741 George Bickham wa London alikusanya kazi za walimu wa mwandiko wa wakati wake akazichonga kwenye sahani za shaba ili zichapwe. Kwa Kiingereza huo mwandiko mpaka leo unaitwa kwa jina la hizo sahani, copperplate.

Kilichonigusa zaidi nilipoanza kusoma haya mambo ni kwamba kwa muda mrefu sana mitambo ya uchapaji ilihangaika kuiga huu mwandiko. Fikiria herufi ya kuchapia ya zamani, ile ya madini ya risasi, inakaa juu ya kipande cha chuma cha pembe nne. Mwandiko wa babu unainama, karibu nyuzi 55 kutoka kwenye mstari, na mkia wa herufi moja unataka kuingia kwenye eneo la jirani yake. Kwenye risasi huo mkia inabidi uning'inie nje ya kipande chake, na ukining'inia unakatika. Matthew Carter alipochora Snell Roundhand miaka ya 1960, akifuata mkono wa mwalimu wa Kiingereza Charles Snell aliyefariki 1733, aliichora kwa ajili ya mashine za kupanga herufi kwa picha, kipande cha chuma hakipo tena, ni mwanga tu, kwa hiyo herufi zikaweza kushikana mikono bila kuvunjika.

Alafu kuna Hermann Zapf, Mjerumani, huyu namheshimu mno. Mwaka 1944, vitani, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, aliandika ukurasa mmoja wa kaligrafia. Alitamani mwandiko ule uwe fonti lakini mitambo ya wakati ule isingeubeba, maana mkono wa mtu haurudii herufi moja kwa umbo lile lile kila mara, a ya mwanzo wa neno sio a ya mwisho. Zapfino ikaja kutoka mwaka 1998. Miaka 54! Apple wakaiweka kwenye kompyuta zao za Mac, na ukiwa na programu inayoiruhusu ukaandika neno Zapfino lenyewe, herufi zote saba zinageuka umbo moja lililofumwa pamoja. Zapf alifariki 2015 akiwa na miaka 96.

Hayo ya herufi kubadilika kulingana na jirani yake yanawezekana kwa sababu ya mifumo kama OpenType, ule wa faili za fonti ambao Microsoft na Adobe waliutangaza mwaka 1996. Ndani ya fonti moja mchoraji anaweza kukuwekea M tatu, mikia minne, na herufi mbili zilizoungana kuwa moja. Watu wengi wanazo hizo fonti kwenye mashine zao na hawajawahi kuziona hizo herufi za akiba kwa sababu Word inazificha. Toka Word 2010 zipo, unafungua dirisha la Font, unaenda Advanced, hapo kuna Ligatures na Stylistic Sets na Use Contextual Alternates, weka tiki, badilisha namba, uone jina linavovaa nguo nyingine. Mimi nilikaa na hiyo mashine miaka mingi ndo nikaja kugundua, na siku hiyo sikufunga duka mpaka saa tatu usiku, nafungua jina moja moja la ukoo wetu.

Na hapa kuna jambo ambalo sijaona mtu akiliandika kwa Kiswahili kwa hiyo niliseme vizuri. Hizi fonti zilichorwa na watu wanaowaza lugha zao, lakini Kiswahili kinakaa humo kwa namna ya pekee kabisa. Maneno yetu yanaishia na irabu. Atupele, Tumpe, Gwamaka, Ambakisye, Lusajo, Neema, Baraka, yote yanaisha na a, e, o, herufi za mviringo zinazoishia na kamstari kanakoelekea kulia, yani zinaomba zenyewe ziongezwe mkia wa mwisho. Mwenzako anayeandika jina linaloishia na k au t anahangaika wapi aweke pambo, wewe umepewa bure. Alafu tuna g na y na j kibao, nya, nja, nga, kila moja ina kitanzi chini ya mstari. Andika Nyanjige kwa Great Vibes pointi 60 uangalie vile vitanzi vitatu vinavofuatana chini kama mashada.

Upande wa pili tuna shida yetu, m na n na u na w na i. Kwenye mwandiko wa ncha iliyochongoka hizo herufi zote zimejengwa kwa kijiti kile kile kinachoshuka, tofauti ni vimeunganishwa juu au chini. Chukua neno Muumini. Ukishaitoa ile M kubwa unabaki na vijiti 11 mfululizo, viwili, viwili, vitatu, kimoja, viwili, kimoja, na kinachokusaidia kujua uko wapi ni nukta mbili tu za i. Nilitengenezea kwaya moja vyeti vyenye hilo neno juu kabisa, kwa Edwardian, na mwalimu wa kwaya, mzee wa watu mpole sana, akanirudishia akaniambia, "Kijana, ni vizuri, ila wazee wangu wataona uzio." Nikalibadilisha likawa la Corsiva, ikasomeka, na mzee akashukuru. Kwa hiyo neno likiwa na vijiti vingi, nenda ncha pana, au tafuta fonti ambayo m na u zake zina matumbo ya mviringo.

Ng' nayo. Fonti nyingi za bure za mtandaoni zimechorwa herufi 26 na basi, ukiandika Ng'ombe au King'ora kile kialama cha juu hakimo, kompyuta inakuazimia cha fonti nyingine, kinakaa pale kimesimama wima kama msumari katikati ya maneno yaliyoinama. Tarakimu pia, unapata kadi jina lina mikia alafu tarehe ni Arial, ile fonti ya kusimama ya kawaida. Kabla sijaiweka fonti kwenye orodha yangu naandika sentensi moja ya majaribio yenye ng', yenye tarakimu 0 mpaka 9, yenye mstari wa mlazo wa kwenye tarehe, na alama ya &. Ikipita hapo inabaki.

Turudi kwa herufi kubwa maana hilo ndo kosa kubwa na ndo lililomleta mama wa Jumamosi. Herufi kubwa ya fonti ya mwandiko imechorwa iwe moja, mbele ya herufi ndogo. Ni kama bwana harusi, ana suti yake, ua lake, nafasi yake ya kupita, anaingia ukumbini wengine wamempisha. Ukizipanga herufi kubwa kumi kila moja ina mkia wake wa kushoto na kitanzi chake cha juu, mikia inaingia kwenye matumbo ya jirani, L inafanana na S, T inafanana na J, I inafanana na zote. Wateja wanapenda herufi kubwa kwa sababu wanaona ndo heshima, naelewa, jina la mzazi likiandikwa kwa herufi ndogo mtu anahisi limedharauliwa. Kwa hao nawapa njia nyingine, jina liwe kwa fonti ya kusimama yenye herufi kubwa nene. Angalia kanga, jina lake linaandikwa kwa herufi kubwa za kusimama, unalisoma hata aliyeivaa akiwa anatembea mbele yako. Mwandiko wa mikia unataka mwanzo mkubwa na wengine wadogo, hakuna namna nyingine, na mteja akikataa kabisa mimi namprintia sampo mbili, namwambia ampelekee mtu mzima mmoja nyumbani ajaribu kusoma. Wote waliofanya hivyo walirudi na ile ya herufi ndogo.

Kingine, usizitanue. Kwenye CorelDRAW, ile programu ya kuchorea, na hata kwenye Word kuna sehemu ya kuongeza nafasi kati ya herufi, kwenye fonti za kusimama inapendeza sana, kwenye hizi unavunja mikono. Kile kamstari ka a kilichorwa kiguse mwanzo wa herufi inayofuata kwa kipimo kamili, ukisogeza hata kidogo unaona pengo, na pengo hilo kwenye kadi ya dhahabu linang'aa. Hali kadhalika ile ya kunyoosha maneno yafike pembeni zote mbili.

Ukubwa je. Kwenye kadi ya A6, ambayo ni milimita 105 kwa 148, mimi sishuki chini ya pointi 24 kwa fonti za ncha iliyochongoka, na mara nyingi jina naliweka 40 au 48. Pointi 72 ni inchi 1, kwa hiyo pointi 24 ni kama milimita 8 na nusu, mtu anadhani ni kubwa, ila nyingi ya hizo milimita zinaliwa na mikia ya juu na ya chini, a na e zenyewe zinabaki fupi sana. Na hapo hujapiga fotokopi bado. Kadi za mchango huku kwetu mtu anaprinti moja ya rangi anaitoa kopi nyeusi mia, na kopi inaanza kula mistari myembamba, ya kwanza inafifia, zikifika kopi za kopi jina limebaki matumbo bila shingo. Kwa hiyo fonti ya mwandiko iwe kwenye majina mawili tu, labda na neno Karibu. Ukumbi, saa, kiwango cha mchango, namba ya kutuma pesa, hivyo vyote fonti ya kawaida inayosomeka. Mtu akikosea tarakimu moja ya namba ya simu kwa sababu 1 yako ina pambo, hela ya harusi imeenda kwa mtu asiyejulikana.

Stika ndo zilinifundisha kwa machozi. Nilipewa kazi ya kubandika jina kwenye kioo cha saluni Soweto, nikachagua Alex Brush, nikapanua mpaka upana wa mita moja, nikapeleka kwenye mashine ya kukata stika, ikakata vizuri tu. Kuja kuvua ile mabaki nikaona kila mahali herufi mbili zinapogusana kuna mkato, mashine imefuata umbo la kila herufi peke yake, kwa hiyo kamkia ka kila herufi kamekatwa kakaachwa kanaelea ndani ya herufi jirani. Yani kwenye skrini unaona neno moja, mashine inaona vipande tisa vilivyolaliana. Mita nzima ya stika ikaenda, ya dhahabu, na hela yake nililipa mwenyewe. Tiba yake ni ya sekunde mbili, unageuza maandishi yawe maumbo, kwenye CorelDRAW ni Ctrl na Q, alafu unachagua yote unatumia ile amri inaitwa Weld, neno zima linakua umbo moja, mashine inazunguka nje tu. Na mistari myembamba kama unywele unainenepesha kidogo kwa kuiongezea mzingo, la sivyo inang'oka na mabaki au inabanduka kioo kikioshwa.

Hiyo Ctrl na Q ndo ingeniokoa na balaa jingine pia. Kuna kipindi printa yangu ilikufa, nikapeleka faili la kadi za kipaimara kwenye duka jingine la kuprinti mjini, kadi 100, nikawaachia nikaenda kanisani. Fonti yangu haikuwepo kwenye mashine yao, kompyuta ikaweka nyingine kimya kimya, majina ya watoto yakatoka kwa fonti ya kuandikia barua za maombi ya kazi, marefu kuliko nafasi, mengine yamekatwa mwishoni. Mzazi mmoja alitazama kadi ya binti yake akanyamaza, akaniuliza kwa upole kama bado kuna muda wa kurekebisha. Hakukuwepo. Toka siku ile faili haliondoki kwangu bila kugeuzwa maumbo au kusevu PDF yenye fonti ndani, na kama ni Word unaenda File, Options, Save, unaweka tiki kwenye Embed fonts in the file. Na kadi ya kutuma WhatsApp itume kama document, ukiituma kama picha WhatsApp inaibana na mistari myembamba ndo inakufa ya kwanza.

Kuhusu kuzipata: zile zilizokuja na Office unazo tayari. Za mtandaoni soma maneno yaliyoandikwa chini ya fonti kabla hujaishusha, nyingi zinasema ni kwa matumizi binafsi tu, na kadi unayomuuzia mtu sio matumizi binafsi, ni jasho la mwenzako unauza. Great Vibes, Alex Brush na Allura zimechorwa na Robert Leuschke, Tangerine na Toshi Omagari, zote zipo Google Fonts kwa leseni ya wazi, unaweza kufanyia biashara bila kumwibia mtu. Mimi kazi zangu nyingi zinatoka kwenye hizo nne na hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwamba ni chache.

Sasa niwaambie kilicho mezani kwangu wiki hii. Mwezi wa nane ukoo unajengea kaburi la babu kule Tukuyu, na wajomba wameniachia mimi jina lake kwenye marumaru. Nilianza na Great Vibes, ikatoka nzuri, M ina mkia lakini mkia unaenda kulia. Nikajaribu Snell, M imenyooka, ya ofisini. Nikajaribu Zapfino kwenye Mac ya rafiki yangu, M nzuri mno, lakini ni mkono wa Zapf, na nilikua naangalia jina la babu limeandikwa na mtu mwingine.

Jumapili nikamwomba mama cheti chake cha ubatizo. Babu aliandika jina lake mwenyewe pale chini, kama mwandishi na kama baba wa mtoto, mara mbili kwenye karatasi moja. Nikaskani kwa kipimo cha juu kabisa, nikakuza mpaka nikaona pale wino ulipopungua katikati ya w na akachovya tena, kuna kadoa, na kijiti kinachofuata ni kinene kuliko vingine. Nimeshinda siku tatu nafuatisha kwa mausi, nukta kwa nukta. Fundi wa marumaru wa Uyole kasema mashine yake haichongi mstari mwembamba chini ya milimita 2, kwa hiyo mistari yote ya kupanda nimeinenepesha ifike hapo, kila mmoja kwa macho, nisiharibu mwinamo. Kadoa nilikatoa, usiku nikakarudisha. Kesho asubuhi napeleka faili, jina zima ni umbo moja, na mkia wa M unapita chini ya jina unarudi kushoto.